Pini Niliyoichoma kwa Jirani

Nimefundisha jiografia katika shule hapa Naro Moru, chini ya Mlima Kenya, tangu uhuru, na nimechoka. Uchovu ndio ulioniponza.

Mgeni mmoja aliyekuja kupanda mlima alituachia picha kubwa ya galaksi, mamilioni ya nyota zilizojiviringa kama uji unaokorogwa. Niliibandika ukutani darasani bila kusoma maandishi ya nyuma, nikachoma pini yenye kikaratasi pembeni: "Sisi tuko hapa." Karibu yake palikuwa na vidoa viwili vyeupe. Nikadhani ni uchafu, nikavisugua kwa kitambaa chenye maji mpaka karatasi ikachubuka.

Kila mwaka wanafunzi walichora pini ile kwenye madaftari yao.

Siku ya wazazi nilimwonyesha mkaguzi wa shule kutoka Nyeri picha ile, kwa majivuno. Mzazi mmoja, Mzee Gichuki, anayewabebea wageni mizigo mlimani, akainua mkono.

"Mwalimu, mimi niko na swali. Wageni hupiga mlima picha wakiwa huku chini. Wakifika juu hawaoni mlima tena, wanaona mawe tu. Sasa kama sisi wote tuko ndani ya hiyo kitu, huyu mwenye kupiga picha alikuwa amesimama wapi?"

Nikakaa kitini. Mkaguzi akaibandua picha, akasoma nyuma kwa sauti: "Andromeda, jirani wa galaksi yetu, pamoja na galaksi mbili ndogo zilizo kando yake."

Akaigeuza, akatafuta.

"Hizo mbili ndogo ziko wapi, mwalimu?"

"Nilizipangusa," nikasema.