Haya za Bi Mardhiya

Bi Mardhiya wa Vitongoji, mpishi wa shughuli aliyezeeka na mwiko mkononi, hakuwa mtu wa kulala. Alipokatwa kipande cha utumbo kilichoota uvimbe, na kesho yake asubuhi nesi Benedicta akamwambia ashuke kitandani atembee, wagonjwa wenziwe waliona ukatili, yeye akaona heri. Alishika ukuta, akaenda hadi mlangoni na kurudi. Akanywa chai. Akatafuna na peremende ya bazoka aliyopewa ili matumbo yaamke, ingawa kwake mtu mzima kutafunatafuna ni utovu wa adabu.

"Siku hizi hatuwalazi wazee," Benedicta alimweleza. Alikuwa mtu wa bara, msema kweli asiye na kona. "Mzee akilala sana nguvu zinamwisha. Tumbo likianza kutoa hewa, na chakula kikakaa, unakwenda zako nyumbani."

Mashaka yakaanzia hapo. Aliyekuwa akimuuguza ni Mabruki, mkwewe, maana bintiye Asma hakuwa ametoka arubaini ya uzazi. Na Bi Mardhiya na mkwewe, miaka yote hiyo, hawajapata hata kula sinia moja. Leo nesi anasimama katikati yao na kuuliza, kwa sauti ya mnadi samaki:

"Bibi, umejamba?"

"Bado," akajibu Bi Mardhiya, uso ukutani.

Uwongo mtupu! Upepo ulikuwa umepita tangu alfajiri, kimyakimya, chini ya shuka, naye akamshukuru Mola kwamba hakuna aliyesikia. Mficha uchi hazai, na Bi Mardhiya amezaa, lakini mbele ya mkwe methali ile hakuikumbuka.

Jioni akaulizwa tena: bado. Asubuhi: bado. Daktari akambonyeza tumbo, akakunja uso. Alisema kama mambo ni hayo, watamtia mpira puani, asile kitu, na habari ya nyumbani aisahau kwanza. Mabruki akatoka nje. Aliporudi macho yalikuwa mekundu.

Bi Mardhiya alimtazama yule mwana wa watu, aliyemfulia nguo bila kununa, na moyo ukamuuma kuliko kidonda. Haya gani hizi za kumliza mtoto wa mwenziwe?

"Mabruki," aliita. Hakuwahi kumwita kwa jina. "Usilie, mwanangu. Lishatoka hilo lipepo, tokea jana. N'likuonea haya weye."

Mabruki alimkodolea macho. Kisha akashika mlango wa wodi, akapaza sauti ujia mzima ukasikia:

"Nesi! Nesi Benedicta! Mama kajamba, alhamdulillahi!"

"Alhamdulillahi!" wodi nzima ikaitikia, mpaka bibi wa kitanda cha pembeni ambaye alikuwa haongei.

Bi Mardhiya aliushika mshono kwa mikono miwili, akacheka hadi machozi yakamtoka, akimwomba mkwewe kwa jina la Mungu apunguze sauti.