Betri Inayofia Miburani

Mwanangu, hata kuzaliwa hujazaliwa, lakini nakuandikia mapema, maana mdomoni maneno haya hayanitoki.

Baba ana wake wawili. Mama yuko hapa Kilindoni. Mwingine yuko Miburani, analima mwani. Nilitakiwa nimwite mama mdogo. Moyoni nilimwita "yule". Zamu zao zinajulikana, lakini ilifika wakati zamu ya Mama ikiingia, Baba haji. Kesho yake anatokea na maneno yale yale: "Betri ilikufa huko." Kwetu pikipiki inawaka vizuri, ikifika kwa yule inakufa! Mwanangu, nilikuwa na wivu kuliko Mama mwenyewe. Pikipiki ya mtu ikipita nje, namtazama Mama kama atainua kichwa. Anainua. Wali tunakula wawili, fungu la Baba limefunikwa kawa.

Mwisho Mama akafunga nguo zake, anarudi kwao Bweni. Ndipo akaja Mjomba Shomari, kaka yake, fundi pikipiki.

"Dada, usiondoke kwa kuhisi. Leo tunapima. Pikipiki ikiwa nzima, shemeji mwongo, na nguo nakubebea mwenyewe."

Niliomba iwe nzima. Niliomba kweli.

"Shemeji, kwani mimi mtuhumiwa?" Baba, aliyekuwa amesimama kando ya pikipiki yake, akacheka-cheka.

"Nyamaza, shahidi hajasema."

Mjomba akabana nyaya za mita yake ya kupimia umeme kwenye betri iliyotoka kuchajiwa dukani, akawasha, akavuta mafuta. "Hapa namba ilitakiwa ipande." Haikupanda. Akawasha taa, ikaanza kushuka. "Haichaji hii. Inatoka hapa na betri iliyojaa, inakula akiba njiani, kuingiza haiingizi. Ndiyo maana inafia kule."

Akapima nyaya za koili, pale umeme unapozalishwa, umeme upo. Akafungua kiti, akazifuata mpaka kwenye reguleta, kile kidude kinachopeleka umeme kwenye betri. Soketi yake imeota kutu ya kijani, pembeni chumvi nyeupe. "Maji ya bahari haya. Magunia ya mwani mbichi, yanachuruzika mpaka chini ya kiti."

"Si yeye huyo!" Nilipiga kelele, mimi ambaye hata darasani sinyooshi mkono. "Kafanya makusudi!"

Mjomba hakuinua kichwa. "Zuhura, magunia kapakia nani? Kaendesha nani? Mwenzio maji ya chumvi yako kiunoni huko, wewe huku unamhukumu kwa kutu."

Nikaona aibu mpaka masikio yakawaka.

Baba akashusha pumzi. "Mmeona? Sikusema uongo."

Mama alikuwa mlangoni. Akasema taratibu, "Hukusema uongo, Baba Zuhura, nimeona kwa macho yangu. Sasa niambie. Watoto wa Miburani wanakuja shule huku kwa miguu kila asubuhi. Miguu yako wewe nayo haichaji?"

Mjomba alicheka mpaka bisibisi ikamdondoka. Baba hakucheka.

Soketi mpya ilichelewa kuletwa kutoka Dar. Zamu iliyofuata Baba alikuja kwa miguu, kanzu imelowa jasho, na Mama akalifungua furushi la nguo zake.

Basi sikiliza, mwanangu. Ukishikwa na wivu, pima kwanza. Na ukishapima, usiridhike haraka, uliza lililobaki. Mimi nilitafuta mwanamke wa kumlaumu, ambaye hata kuongea naye nilikuwa sijawahi. Aliyetuacha na chakula kimefunikwa alikuwa Baba, na wa kuulizwa alikuwa Baba. Muulize anayehusika, hata kama sauti inatetemeka. Sikudanganyi kwamba wivu wangu umekwisha. Nikikutana na mama mdogo sokoni natazama chini. Lakini shikamoo naitoa, naye huitikia marahaba.

Mungu akupe mwenza atakayekuja hata pikipiki ikigoma, na siku asipokuja, akupe mdomo wa kumuuliza. Amina.