Bamba la Shaba la Shangazi Kabula

Mwanangu, ipo siku moja ya kiangazi ninayoikumbuka kila mtu anapoingia hapa kwangu Nyasubi na medali ya kale iliyosuguliwa ikang'aa kama bomba jipya. "Shikamoo mzee, nimekuletea, na nimeshakusafishia." Marahaba. Nani alikutuma uisafishe? Nimesema mpaka sauti imekauka, lakini sikio la kufa halisikii dawa. Basi keti nikueleze, pengine wewe utasikia.

Aliyenifundisha kukusanya medali ni shangazi yangu Kabula, wa Ushirombo. Katika ujana wake alikuwa mpishi wa masista, na sista mmoja mzee alipokuwa akirudi kwao Ulaya alimwachia bamba la shaba nyeusi, dogo kama kiganja, lenye sura ya mwanamke mzee aliyetazama pembeni. Lilitengenezwa huko mwanzoni mwa karne iliyopita, enzi ambazo mafundi wao walipenda kuwaweka watu kwenye shaba, si wafalme tu, hata mama zao. Shangazi akanogewa, akaanza kutafuta mengine: kwa mapadri waliohama, kwa Wahindi wa Kahama waliofunga maduka, kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Majirani walisema amerukwa na akili. Wenzake wananunua ndama, yeye ananunua nyuso za Wazungu wasiojulikana.

Lile la kwanza hakulilinganisha na lolote. Mama yake alifariki bila kupigwa picha hata moja, na shangazi alishikilia kwamba yule Mzungu alikuwa na kidevu cha mama yake, na namna yake ya kufumba midomo kama mtu aliyemeza neno. Bamba lenyewe lilikuwa na weusi wa kahawia uliokolea kwenye mikunjo ya uso. Weusi ule, mwanangu, si uchafu. Ni ngozi ya shaba. Huota kwa miaka mingi, na ndiyo inayofanya jicho lionekane jicho. Hili nalo nimelisema mpaka nimechoka.

Sasa, shangazi alikuwa na mtoto wa kiume, binamu yangu Maduhu, mchimbaji kule Segese. Shimo lao, duara kama wanavyoliita, lilikuwa halijatoa kitu kwa muda mrefu, na njaa ya dhahabu humfanya mtu aione hata isipokuwepo. Akalichukua bamba kimyakimya, akampelekea mnunuzi wa dhahabu. Shangazi alipolikosa hakuuliza mara mbili. Tulipanda lori la pamba, mimi na yeye, tukamkuta Maduhu amesimama kibandani kwa mnunuzi, kichwa chini. Mnunuzi alikuwa ameshapitisha tupa shavuni mwa yule mwanamke na kudondosha tindikali kwenye mkato, kupima kama ni dhahabu.

"Mama, hii ni shaba tu," akasema mnunuzi.

"Nani alikwambia ni kitu kingine?" shangazi akamjibu. Akalifunga kwenye khanga yake, tukarudi.

Jambo lingeweza kuishia hapo. Kovu moja shavuni, basi. Nani mzee asiye na kovu? Lakini ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Siku chache baadaye Maduhu alirudi nyumbani, moyo unamsuta. Akangoja tuende kanisani, mama yake na mimi, akatafuta ndimu, majivu na msasa, akaanza kuusugua ule mkato. Tuliporudi tulimkuta uani, jasho linamtoka, anatabasamu.

"Mama, nimelitengeneza. Tazama, hakuna alama."

Kweli, hakukuwa na alama. Wala kidevu, wala midomo. Liling'aa kama sahani.

Shangazi akalishika, akaligeuza kwenye mwanga, akaketi chini.

"Maduhu," akasema polepole, "ulipoiba uliniachia kovu. Ulipotubu umenichukulia mama."

Nilidhani atamfukuza. Mimi ningemfukuza, sikufichi. Yeye akamwambia, "Njoo ukae hapa. Bibi yako hukumjua. Nitakueleza alivyokuwa, maana sina tena mahali pengine pa kumweka." Na Maduhu akakaa, siku ile na jioni nyingine nyingi. Shangazi sasa ni marehemu, na ukitaka kujua bibi yetu alicheka vipi, alitembea vipi, nenda kwa Maduhu. Mimi sijui nusu ya anayoyajua.

Basi ninachokuomba ni hiki. Ukipata kitu cha kale, kifute vumbi kwa kitambaa kikavu, kisha ukiache hivyo hivyo mpaka umeuliza. Kuuliza si ujinga. Na ukimkosea mtu, usikimbilie kutengeneza kabla hujamsikia. Nenda useme umekosa, kisha unyamaze. Yeye ndiye anayejua kipi kinatengenezeka na kipi kiachwe. Wengi wanaotubu haraka hutafuta nafuu yao wenyewe, na mwenye kidonda huumia mara ya pili.

Mola akupe mkono mzito penye pupa na sikio jepesi penye neno, mwanangu, na akujalie uwajue watu wako wangali hai.