Panya wa Mwalimu Felista

Siku yangu ya kwanza kazini nilivaa gauni jipya na viatu vyeupe. Nilikuwa nimeajiriwa msaidizi wa utafiti wa wadudu na panya wanaoambukiza watu na mifugo, na kichwani mwangu utafiti ulikuwa koti jeupe na darubini. Kituo chetu kilikuwa Chang'ombe, nyuma ya karakana za magari. Mkuu wa Kituo aliviangalia viatu vyangu, akanionyesha jiko la mkaa na nazi iliyokwisha kuvunjwa.

"Binti, unaogopa panya?"

"Naogopa, mzee."

"Vizuri. Wasiowaogopa ndio wanaong'atwa. Haya, choma hiyo nazi."

Nazi ya kuchoma ndiyo ilikuwa chambo chetu. Maelekezo yalisema siagi ya karanga, lakini karanga zilikuwa zinaishia midomoni mwetu kabla hazijafika kwa panya. Mitego yenyewe ilikuwa vizimba vya waya vyenye kilango kinachojifunga, maana tulimtaka panya akiwa hai. Akishakufa, viroboto humhama, na viroboto nao tuliwataka. Tulimlaza kwa dawa ya usingizi, tukampiga brashi manyoya juu ya beseni jeupe lenye maji, viroboto wakaelea kama ufuta. Kisha tulimpima mkia. Mkia ukiwa mrefu kuliko mwili, huyo ni panya wa darini. Ukiwa mfupi, huyo ni wa mitaroni. Na kirukanjia, yule mwenye pua ndefu na harufu kali, si panya kabisa, ingawa nimebishana na kina mama wa Temeke juu ya jambo hilo miaka mingi na sijamshinda hata mmoja.

Baadaye nilihamishiwa Mbweni, wakati nyumba mpya ndiyo kwanza zinainuka, kuchota viluwiluwi vya mbu kwa upawa kwenye mapipa ya mafundi. Mratibu wetu kule alikuwa mama mkali ambaye alitufundisha kubisha hodi kabla hajatufundisha mbu. "Mwenye nyumba akikukaribisha kwa moyo, nusu ya kazi imekwisha," alikuwa anasema. "Na ulichokiona kwake, kinabaki kwake. Hatutaji nyumba ya mtu, hata uulizwe na nani." Nilimwogopa kuliko panya, na leo namshukuru.

Kutoka hapo nikapelekwa Madale, na Madale ndiko nilikokutana na Mwalimu Felista.

Alikuwa mwalimu mstaafu, mjane, mtu wa Kilimanjaro, anafuga ng'ombe wachache wa maziwa nyuma ya nyumba yake. Ng'ombe wale ndio waliokuwa wakimwamsha asubuhi, na aliniambia bila kuficha kwamba bila wao asingekuwa na sababu ya kuamka. Basi ng'ombe wawili wakatupa mimba. Muda si mrefu Lameck, aliyekuwa akimsaidia kukamua, akashikwa na homa kali, macho yakawa manjano. Hospitali wakasema ni homa ya mgunda. Lameck alipona, lakini majirani walishaogopa. Wakaenda serikali ya mtaa kudai ng'ombe waondolewe.

Homa ya mgunda ina vijidudu vinavyokaa kwenye figo za mnyama na kutoka pamoja na mkojo. Ng'ombe anaweza kuwa navyo, lakini panya ndiye mwenyeji wao mkubwa. Kama panya wa mtaa ule walikuwa navyo, kuwaondoa ng'ombe kusingemponya mtu. Hilo ndilo tulilotumwa kulitafuta kabla mkutano wa mtaa haujakaa.

Tukaweka mitego kwa Mwalimu. Mitupu. Tukarudia. Mitupu tena. Kila tulipofika tulikuta sakafu ya stoo imedekiwa hadi inateleza, magunia ya pumba yametolewa nje, mashimo yamezibwa, na kwenye pembe unga wa sumu ya panya. Na sisi, soda na chapati za moto sebuleni. Mkuu wangu wa wakati ule, kijana msomi mwenye haraka zake, alichoka. "Dada Saada, mitego mitupu ni mitupu. Tukikosa tena tunahama."

Nilijua kinachotuponza. Mwalimu alikuwa anatupokea kama anavyopokewa mgeni. Tulitoa taarifa siku moja kabla, naye akashinda anasafisha. Mtu aliyelelewa vizuri atafanya nini kingine?

Asubuhi iliyofuata nilikwenda peke yangu, bila taarifa, nikapitia mlango wa nyuma. Nilimkuta jikoni na kanga ya kazi. Alishtuka.

"Jamani Saada! Ngoja nimtume mtu dukani."

"Usimtume mtu, Mwalimu. Shikamoo. Jana mlikula nini?"

"Marahaba. Makande. Kwani vipi?"

"Yamebaki?"

"Yamebaki, lakini si ndiyo kiporo hicho?"

"Ndicho ninachokitaka. Nipashie."

Akanitazama kama nimemtukana. "Mie nimpe mgeni kiporo?"

"Sie siyo wageni. Ukiendelea kutufanya wageni, ng'ombe wako wataondoka, nami sitakuwa na la kukusaidia."

Aliuweka mwiko chini. Kisha akabandika sufuria. Tulikula kwenye vigoda palepale jikoni, na makande yale, nawaambia kweli, yalikuwa matamu kuliko chapati zake zote.

"Wapo," akasema bila kuniangalia. "Wengi tu. Nawasikiaga darini wanakimbizana. Naona aibu, Saada. Mie nimefundisha watoto wa watu usafi maisha yangu yote."

"Usifagie mpaka nije," nikamwambia. "Na hiyo sumu itoe."

Mitego ilijaa. Maabara ikavikuta vijidudu kwenye figo za panya wale. Pumba zilikuwa zimelowa mkojo wao, na Lameck alikuwa anazichanganya kwa mikono mitupu yenye nyufa. Ng'ombe nao walikula pumba hizohizo.

Siku ya mkutano nilieleza kwamba maabara imevikuta vijidudu kwenye panya, na kwamba kuwaondoa ng'ombe hakutamponya mtu. Mwenyekiti wa mtaa akauliza, "Panya hao mmewakamata nyumba gani?"

"Katika mtaa huu."

"Nyumba gani, dada?"

"Hatutaji nyumba, Mwenyekiti."

Watu wakaguna. Jirani wa ukuta mmoja na Mwalimu akasimama. "Mnaona? Hana jibu. Kwangu panya hakuna, na kwa kina sie wote hapa hakuna. Ni ng'ombe hao hao!" Wakampigia makofi. Nilikuwa na jibu mdomoni na sikuweza kulitoa, na sijawahi kuichukia kanuni ya kazi kama siku ile.

Mwalimu Felista akainuka taratibu.

"Ni kwangu," akasema. "Wamekamatwa stoo kwangu, na wengine darini juu ya kitanda changu. Nyie mnanijua, wengine nimewafundishia watoto. Mkishamaliza kunishangaa, niambieni: nani mwingine anao? Nyoosheni mikono."

Kisha mkono wa kwanza ukapanda, na ulikuwa wa yule jirani aliyesema kwake hakuna. Ukafuata wa mke wa Mwenyekiti. Baada ya hapo sikuhesabu tena, maana macho yangu yalikuwa yamejaa machozi.

Ng'ombe walitibiwa, wakabaki. Mtaa mzima ukanunua mapipa yenye vifuniko ya kuhifadhia nafaka na pumba. Na kwa kuwa mwenyewe alilisema mbele ya watu, nami naliandika kwa jina lake.

Siku hizi nimestaafu, naishi Temeke na wajukuu. Vijana wa kazi yetu sasa wana vipimo vya haraka na simu zinazochora ramani, nami nawaonea wivu kidogo. Panya sina hamu nao. Nakumbuka kufunguliwa nyumba za watu mpaka chumba ambacho hata mawifi hawaingizwi, nikaaminiwa kuonyeshwa aibu iliyomo. Sasa nikitembelea watu naketishwa sebuleni, naletewa soda juu ya sinia, wananiita bibi kwa heshima zote. Nashukuru, nakunywa. Lakini moyo wangu unakuwa kule nyuma, jikoni, nikijiuliza wana shida gani ambayo hawana mtu wa kumwambia.