Jumamosi Aliposinzia Bibi Tereza

Pale Ushirombo, mtu akitaka habari za Peru hakuwa na haja ya kumsumbua mwalimu wa jiografia. Alikwenda kwa Scolastika, Mama Thobias, fundi wa sare za shule nyuma ya stendi. Huyo angekwambia viazi vya kule viko vya rangi ngapi, baridi ya kule inavyopasua midomo, na kina mama wa milimani wanavyobeba watoto mgongoni kama sisi tu. Peru yenyewe hakuwahi kuiona hata kwenye ramani. Safari yake ndefu kuliko zote ilikuwa Mwanza, tena alikwenda kuuguza.

Habari alizipata kwa Sista Suzana, binti wa Bibi Tereza, ambaye shirika lake lilimtuma huko kwenye utume. Sisi tulizoea kupokea wamisionari, miaka nenda miaka rudi. Lakini kumtoa mmoja wetu, tumpeleke ng'ambo akawahubirie wengine, wee! Siku ya kumuaga ngoma ililia mpaka paroko mwenyewe akaomba watu wakapumzike.

Basi kila mwezi Sista alituma ujumbe wa sauti kwenye simu ya Scolastika, kwa kuwa ndiye katibu wa Jumuiya ya Mtakatifu Benadeta. Simu hiyo spika yake ilikufa siku ilipotumbukia kwenye ndoo ya kufulia, kwa hiyo Scolastika alisikiliza kwa hedifoni, mguu ukiwa juu ya pedali ya cherehani. Akishasikiliza, aliandika yote kwenye daftari kwa mwandiko wake mzuri wa kulala kidogo. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi jumuiya ikikutana, alisimama akasoma kama barua.

Baada ya barua zilifuata nia. Kila ombi la Sista, au la mwanajumuiya mwenye shida, liliandikwa kwenye kipande chake cha karatasi, kikakunjwa, kikawekwa kwenye ungo katikati ya watu. Kila mmoja aliokota kimoja akaenda kukisalia nyumbani wiki nzima, na nia uliyookota humwambii mtu. Bibi Tereza hakujua kusoma. Karatasi yake aliifunga kwenye pindo la kanga na kuisalia hivyo hivyo ikiwa imekunjwa. "Mungu anajua kusoma," alisema, na hakuna aliyembishia.

Bibi huyu hakukosa Jumamosi hata moja, mvua isimame au inyeshe. Kigoda chake kilikuwa pale pale karibu na mlango. Ila alikuwa na kaugonjwa kake ka kusinzia barua ikiwa ndefu, na watu walimtania, "Bibi, umeshafika Peru?" Naye alijibu bila kufumbua macho, "Nimefika zamani, nawasubiri ninyi." Jumuiya nzima ilicheka.

Zile barua zilimpandisha Scolastika chati, tusidanganyane. Watu wa jumuiya nyingine walianza kudamka kuja kusikiliza. Paroko akamwita asome moja kanisani Jumapili, na tangu siku hiyo wanawake sokoni walimpisha kwenye foleni ya unga. Kwa mjane mwenye cherehani moja, hilo si jambo dogo. Akaanza kupunguza hapa sentensi isiyo na ladha, kuongeza pale neno tamu. Kosa dogo, au ndivyo alivyojiambia.

Kisha ukaja mwezi wa tatu, mwaka juzi.

Ujumbe wa mwezi huo ulimkuta akishona kaptula za darasa la kwanza. Sauti ilikuwa ya Sista, lakini ya mtu aliyechoka mpaka mfupani. "Mama Thobias, shikamoo. Leo sina habari. Hii ni wiki ya sita siwezi kusali. Nafungua mdomo, halitoki neno. Chakula kinanishinda, nalia bila sababu. Daktari amesema ni ugonjwa kama magonjwa mengine, amenipa dawa, lakini naogopa. Nataka kurudi nyumbani na naona aibu kurudi. Naomba uwasomee wote, msinifiche. Na mama yangu asikie. Mwambie aniombee kwa jina langu la nyumbani, Kabula. Hilo Suzana kwa sasa nimeshindwa kulibeba." Halafu akalia, na ujumbe ukaisha.

Scolastika aliacha cherehani. Machozi yalimtoka, hilo nalo tuliseme, kwa sababu moyo hakuwa amenyimwa. Ila alikuwa na kidonda chake. Miaka mitatu kabla ya hapo mwanawe Thobias alikimbilia maduarani, kule Geita wanakochimba dhahabu, akapotelea kwenye pombe. Scolastika akaiweka nia ya kumwombea kwenye ungo. Asubuhi iliwekwa kwenye ungo, saa sita mchana ilikuwa sokoni inauzwa pamoja na nyanya. Mpaka leo kuna watu wanamwita mwanawe "yule wa duara". Akajiuliza, je, hawa hawa wakisikia kuwa Sista hawezi kusali, watasali au watasema?

Hiyo ilikuwa sababu ya kwanza, na ilikuwa nzuri. Ya pili haikuwa nzuri, naye aliijua. Jumapili ile paroko alikuwa amemwomba tena asome kanisani, na angesomaje kitu kama kile mbele ya kanisa zima, akiwa amevaa kitenge kipya?

Akachukua kalamu akaandika: "Sista Suzana anawasalimu nyote. Ni mzima wa afya, anamshukuru Mungu. Wamebatiza watoto kumi na wanne." Hao watoto aliwazaa yeye mwenyewe pale juu ya cherehani. Jumamosi akasoma, watu wakapiga vigelegele, na karatasi za ungoni siku hiyo zote zilikuwa za shukrani. Bibi Tereza akaokota yake, akaibusu, akaifunga kwenye pindo. Jioni Scolastika akamtumia Sista ujumbe, "Tumesali sote, Sista. Tumeanza na novena." Aliweka na alama ya mikono miwili inayosali.

Yeye mwenyewe alikusudia kuisali hiyo novena. Siku ya kwanza alisali. Ya pili alikuwa na oda ya sare arobaini, na ya tatu akasahau. Ule ujumbe hakuwahi kuufuta. Kila akitaka kuufuta, kidole kiligoma.

Sista alipona polepole, habari nzuri zikarudi, za kweli safari hii, na Scolastika akasema moyoni, basi, yamepita. Lo! Mficha maradhi kifo humuumbua, na mficha maradhi ya mwenzake naye ana siku yake.

Mwaka huu, mwezi wa saba, Sista akaja likizo. Jumuiya ilikutania nyumbani kwa Bibi Tereza, watu wakajaa mpaka kwenye kibaraza cha jirani. Baada ya "Tumsifu Yesu Kristo" na nyimbo mbili, Sista alisimama. Alikuwa amekonda kidogo, ana mvi mbili tatu mbele ya kitambaa cha kichwani, lakini uso ulikuwa umetulia.

"Nimekuja kushukuru," akasema. "Mnakumbuka mwezi ule wa tatu nilipowaomba mnishike mkono. Niliwaambia siwezi kusali. Kila Ijumaa saa nne na nusu usiku nilikaa macho kitandani, maana nilijua kwenu ni Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nikawa najiambia, Suzana, wewe nyamaza tu, sasa hivi wanasali kwa niaba yako. Bila hilo nisingekuwa hapa."

Watu walitazamana, na mwenyekiti, Mzee Stanslaus, akakuna kidevu.

"Mimi sikumbuki barua hiyo," alisema Mzee Stanslaus. "Labda nilikuwa Masumbwe, kwenye msiba wa shemeji."

Sista akamgeukia katibu, bila ubaya wowote. "Mama Thobias, si uliwasomea?"

Hapo ndipo mlango ulikuwa wazi. Angesema tu, hapana, sikuwasomea, na leo hii nisingekuwa na cha kusimulia. Lakini macho ya watu sitini yalikuwa usoni kwake, na ulimi ukamtangulia. "Nilisoma, Sista. Siku ile mvua ilikuwa kubwa, tulikuwa wachache mno."

"Haya, ndiyo sababu," watu wakapumua. Kila mmoja akakumbuka mvua fulani. Kila mmoja akajipa kosa la kutokuwepo, na wawili wakamwomba Sista msamaha pale pale.

Sista akatoa kwenye mkoba rozari ya mbegu nyekundu. "Hii aliisuka bibi mmoja wa milimani aliyekuwa ananiletea uji nikiwa mgonjwa. Alisema nimpe mtu aliyebeba nia yangu. Najua nia ya ungoni haisemwi, lakini leo naomba aseme. Nani aliiokota?"

Hakuna mkono ulioinuka, na hilo lilimchimba Scolastika. Kama hakuna aliyeiokota, basi haikuwepo ungoni. Akanyoosha mkono. "Ni mimi, Sista."

Wee! Vigelegele vilipaa. Sista alimkumbatia akalia begani kwake, akamvika rozari shingoni kwa mikono yake miwili. Kilemba cha ukoka, mbele ya jumuiya nzima, na mwenye kuvishwa anajua.

Vigelegele vilipokwisha, ikasikika sauti ya kizee kutoka kwenye kigoda cha mlangoni. Bibi Tereza alikuwa ameinamisha kichwa, anachezea pindo la kanga.

"Mimi siku ile nilikuwepo," akasema. "Mvua hainizuiagi. Kwa hiyo nilisinzia." Akamtazama binti yake. "Mwanangu aliniita, mimi nikasinzia. Nisamehe, Kabula."

"Mama, jamani, uzee huo," Sista akapiga magoti kumshika miguu. Watu wakamfariji, wengine kwa utani ule ule wa Peru, lakini safari hii Bibi hakujibu. Scolastika alikuwa hatua tatu kutoka pale, rozari ikiwa shingoni, akashindwa kufungua kinywa. Tuseme kweli, hakushindwa. Hakutaka.

Wiki ile hakushona kitu kikakaa sawa. Alishona mkono wa shati juu chini, akaufumua, akaushona vile vile tena. Rozari aliivua siku ile ile akaificha kwenye kopo la vifungo. Wateja walimpongeza, "Mama wa sala! Nasi tuombee basi," naye akainamia kitambaa. Aibu ilimjaa mpaka chakula kikamshinda, na hapo akakumbuka nani mwingine alisema hivyo hivyo, chakula kinanishinda, akiwa peke yake nchi za watu.

Alhamisi mchana Bibi Tereza aliingia dukani na fimbo yake, kajasho kanamtiririka.

"Shikamoo, Bibi. Ungeniita nikaja mwenyewe."

"Marahaba, mayu. Mwenye shida ndiye anayetembea." Bibi aliketi kwenye stuli ya wateja, akafungua pindo la kanga. Zilikuwa karatasi nyingi, zimekunjwa, kingo zimeshakuwa laini. "Hizi ndizo zangu zote za miaka sita, sijatupa hata moja. Tangu juzi kuna kitu sikielewi. Jumamosi ile niliondoka na karatasi, nakumbuka niliibusu. Sasa nikajiuliza, niliokota nini nikiwa nimelala? Lakini sikuja kwa hilo. Nimekuja uchukue lile daftari, unisomee tena ile barua. Wewe uliibeba nia ya mwanangu, wabeja sana, Mungu akulipe. Nisomee polepole. Nataka niisalie sasa, nilipe siku nilizolala."

Daftari lilikuwa pale kwenye rafu, jalada lake la bluu. Scolastika alilichukua akalifungua mwezi wa tatu. *Ni mzima wa afya, anamshukuru Mungu.* Mwandiko mzuri, wa kulala kidogo. Angeweza kusoma hewani, kutunga barua ya huzuni papo hapo, na Bibi asingejua. Kutunga alikuwa anakuweza. Bibi alikuwa ameshafumba mikono, anasubiri, na macho ameyakodoa kwa nguvu zote asije akasinzia.

Yale macho ndiyo yaliyommaliza.

Akalifunga daftari. Akatoa simu, akapekua mpaka mwezi wa tatu, mwaka juzi, akamwekea Bibi hedifoni masikioni, moja moja. Akabonyeza.

Ujumbe ulikuwa wa dakika mbili na nusu. Nje mpiga debe wa stendi alikuwa anaita watu wa Kahama. Scolastika alisimama na mikono kifuani, akiyajua maneno yote kwa moyo, akitazama uso wa Bibi ujumbe ulipofika penye "msinifiche", ulipofika penye "mama yangu asikie". Penye Kabula, mdomo wa mzee ulitikisika bila sauti. Ulipoisha, Bibi hakuvua hedifoni. Alikaa nazo kitambo, kana kwamba mwanawe bado alikuwa analia ndani humo. Kisha akazivua, akaziweka juu ya cherehani.

"Haya maneno hukuyasoma."

"Sikuyasoma, Bibi." Scolastika alikuwa ameshapiga magoti kwenye vipande vya kitambaa. "Na nia hiyo haikuingia ungoni. Sikuisali hata mimi, isipokuwa siku moja. Bibi, nimekukosea. Nimewakosea wewe na mwanao."

Bibi Tereza hakumpiga, hakumlaani, wala hakumwambia inuka. Alianza kuzifunga zile karatasi zake kwenye pindo, moja baada ya nyingine.

"Kumbe sikusinzia," akasema.

Akashika fimbo akainuka mwenyewe. Mlangoni akageuka. "Keshokutwa Jumamosi. Utawasomea hayo maneno, yote, kama alivyoyasema, naye akiwepo. Mimi nitakaa pale pale kwenye kigoda changu," akasema Bibi Tereza, "macho wazi."