Siku Niliyowataja Wenye Samaki Mahakamani

Miaka ya themanini ikielekea kwisha, tulikuwa wajane ishirini na watatu hapa Kisumu. Tulikaanga mgongo wazi, ile mifupa ya samaki mbuta inayobaki viwandani minofu ikishakatwa. Tulikaangia kwa mmoja wetu kwa zamu, kuni na karai tukishirikiana. Mwenye boma ndiye aliyeongea na wanunuzi, wengine kimya, ili tusigombanie wateja.

Siku ya zamu yangu akaja afisa wa kodi. Akalitazama lile rundo. "Mama, samaki hawa wote ni wa nani?"

"Wangu!" nikajibu, tena kwa maringo. Zamu ni zamu.

Barua ikafuata: eti nina kiwanda na silipi kodi, kwa hiyo nyumba yangu itapigwa mnada. Nyumba ya mabati aliyoniachia marehemu, na watoto watano ndani! Wakili mmoja wa kanisani kwetu akanihurumia, tukaenda Mahakama Kuu pamoja na wajane wenzangu, kueleza kuwa samaki walikuwa wetu sote.

Wakili wa serikali akanicheka. "Mama, ulisema ni wako. Leo umewagawa?"

"Bwana, mgeni akilala kwangu, askari akiuliza, nasema ni mwanangu. Kwani nimemzaa?"

Watu wakaangua kicheko. Jaji hakucheka. Akauliza tulijuaje samaki yupi ni wa nani, na daftari hatukuwa nalo.

"Kwa kitambaa, Mheshimiwa. Samaki akishapoa, mwenyewe humfunga mkiani kwa kipande cha nguo yake kuukuu."

Nikaanza kuwataja: jina lake, jina la marehemu wake, rangi ya kitambaa chake. Kila niliyemtaja alisimama kule nyuma, akakiinua. Karani akaniomba nipunguze mwendo.

"Andika, mwanangu, bado kumi na mmoja."

Mimi huyu, niliyeachia shule darasa la pili!

Hukumu ilisomwa kwa Kiingereza, nami macho yangu yalikuwa usoni kwa wakili wangu. Akatabasamu, akaninong'oneza: hakuna kiwanda, kila mwanamke ana samaki wake, kodi imefutwa. Vigelegele tulivyopiga, askari alitunyamazisha mpaka akachoka.

Nyumbani, tangazo la mnada lilikuwa bado mlangoni. Nikalibandua kwa mkono wangu, nikawashia moto wa chai. Wenzangu wote walikunywa, wengine kwa bakuli, maana vikombe nilikuwa navyo sita tu.