Mchango wa Kalamu

Mpaka leo nikisikia watu wamekutana kuchangia elimu ya watoto, huuliza kwanza kama kuna chakula. Sifanyi utani. Nilifunzwa hivyo Mlandege, pale Iringa, miaka ya hamsini, nikiwa msichana wa darasa la nne.

Jioni, tukishachota maji, watoto wa mtaa wetu tulikusanyika kwenye banda nyuma ya kanisa. Wazee walikuwa wameunda kamati ya kutusaidia masomo, wakampata kijana kutoka Mbeya aliyekubali kutufundisha bure. Alikuwa na haraka, na haraka yake ilikuwa na sababu. Mtihani wa kuingia shule ya kati uliandikwa kwa wino, na sisi maisha yetu yote tulikuwa tumeandika kwa chaki kwenye vibao. Asiyeweza kuchovya kalamu na kuandika bila kuchafua karatasi angebaki nyumbani, na msichana akibaki nyumbani kilichofuata ni mahari. Mimi niliitaka shule ya kati kuliko kitu chochote duniani.

Mwalimu akaiomba kamati kalamu na wino. Mwenyekiti, mzee asiyevua koti lake la sufi hata jua likiwa la utosi, akasimama baada ya ibada.

"Jumapili ijayo kila nyumba ilete mchango wa kalamu! Watoto hawa hawajaona kalamu tangu wazaliwe!"

Sasa, wazee wetu wa Kihehe hawakuwa na habari na herufi r. Karamu ya harusi kwao ilikuwa kalamu, na kalamu ya kuandikia nayo ilikuwa kalamu. Msikilizaji alitakiwa kupima mwenyewe ni ipi inayosemwa. Waumini walipima, na matumbo yao yakatoa jibu.

Jumapili hiyo walikuja kuku waliofungwa miguu, mchele, viazi, maharage, na ulanzi, pombe ya mianzi, uliopitia mlango wa nyuma kwa kuiheshimu nyumba ya Bwana. Mwalimu alisimama mlangoni na boksi tupu la kuwekea kalamu. Mama mmoja akamtumbukizia jogoo humo.

Ningependa kusema walikosea tu. Lakini mwalimu alipaza sauti akaeleza, akawaonyesha kwa vidole jinsi mtu anavyoandika, na walimwelewa vizuri kabisa. Mwenyekiti akakuna kidevu.

"Mwalimu, vyakula hivi tutavirudishaje? Watu wametoa kwa moyo."

Basi moyo ukakaa kula. Wanaume walitangulia, kamati ikiwa kwenye meza yenye kitambaa, wakafuata akina mama, na mwisho sisi tuliochangiwa tukaletewa shingo na miguu ya kuku. Tukiwa tunaguguna, mwenyekiti akaniita mbele, mdomo wake ukimeta mafuta.

"Mwanangu, washukuru wazazi kwa kalamu."

"Ya kuandikia au ya kula, baba?"

Shangazi alinifinya mpaka nikaona nyota. Nikashukuru, watu wakapiga makofi, na mmoja akasema nina adabu.

Mwalimu alinunua kalamu moja kutoka mfukoni mwake. Darasa zima tuliishika kwa zamu. Ukishaandika jina lako unampa mwenzako. Kamati nayo haikulala. Ilikutana tena kuutathmini mchango, yaani kuumaliza mchele uliobaki.

Siku ya mtihani niliandika jina langu vizuri sana. Baada ya hapo nibu ikachana karatasi, na wino ukasambaa juu ya hesabu ambazo majibu yake niliyajua yote. Nilililia karatasi ile, na machozi yakauzidisha uchafu. Msimamizi aliichukua kwa ncha za vidole.

Kutoka banda letu hakuchaguliwa hata mmoja. Mwalimu alirudi Mbeya bila kuiaga kamati. Mwenyekiti akasimama tena kanisani, koti limefungwa vifungo vyote, akasema kamati imefanya kila lililo ndani ya uwezo wake, ila watoto wa siku hizi hawapendi kusoma. Watu wakatikisa vichwa kwa huruma, wengine wakinitazama. Nilimchukia mzee yule kwa moyo wangu wote, na sijawahi kuona haya kwa hilo.

Niliolewa Mafinga na seremala, mtu mpole, aliyekuwa na kalamu na kidau cha wino kwa ajili ya hati za wateja wake. Alipokuwa kazini nilijizoeza kwenye vipande vya mbao, kisha kwenye karatasi. Mkono wangu ulipotulia, neno la kwanza nililoandika lilikuwa jina la yule mwenyekiti. Nikalikata kwa mstari mmoja ulionyooka, bila kudondosha hata tone.